Kisanduku cha Biblia ya sauti nilichomnunulia mama, baada ya miezi saba

Mama yangu ana miaka 79 na haoni. Presha ya macho ilianza na jicho la kushoto, ikalimaliza taratibu bila maumivu, na mwaka juzi la kulia nalo likafunga. Anaishi Usangi, juu milimani Upareni. Mimi nipo Moshi, nafundisha historia na Maarifa ya Biblia sekondari. Alikuwa msomaji wa kila jioni. Biblia yake ya jalada jeusi, aliyopewa siku ya kipaimara, kurasa zake zimelainika kama kanga kuukuu. Alipopoteza macho akawa anaipakata tu jioni, haifungui. Hapo ndipo nilipoanza kutafuta Biblia ya kusikiliza, na kwa kuwa nilihangaika sana kupata maelezo ya mtu aliyekwisha kuitumia, naandika haya kwa ajili ya yeyote mwenye mzee kama wangu.

Kifaa chenyewe ni kisanduku cha plastiki ngumu, ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia, kina spika mbele na paneli ndogo ya sola mgongoni. Nilikinunua mwezi wa Krismasi kwa shilingi 95,000 katika duka la vitabu vya dini mjini Moshi. Ndani kuna memori kadi yenye vitabu vyote 66, na mwishoni wameongeza mahubiri ambayo nitayafikia. Vitufe ni saba, vimeinuka, na kila kimoja kina alama ya kuhisi kwa kidole: nukta moja, nukta mbili, mstari. Aliyefikiria alama hizo namshukuru kwa moyo wote. Siku ya pili tu mama alikuwa anakiendesha mwenyewe bila kumwita mtu.

Sauti ni safi. Wasomaji ni wengi, kila mhusika na sauti yake, na hawakuzidisha maigizo. Anayesoma maneno ya Yesu ana sauti nzito, ya chini, hana haraka. Muziki ni wa kiasi isipokuwa katika Ufunuo, ambako ngoma na tarumbeta zinameza maneno. Mama akipunguza sauti hasikii kitu, akiongeza anapigiwa kelele. Watakaorekodi upya waliangalie hilo.

Tafsiri ni Union Version, na kwa mama hilo ni jambo kubwa. Husogeza midomo pamoja na msomaji, na mara mbili amemkamata akiruka neno. Tafsiri hiyo ya 1952 iliunganisha kazi zilizotangulia, ya Kiunguja na ya Kimvita, ikabaki na maneno ya pwani yenye asili ya Kiarabu. Miaka 15 kabla yake, 1937, ilitoka Biblia ya mmisionari Mjerumani, Karl Roehl, aliyejitahidi kuyaondoa maneno hayo na kuweka ya Kibantu mahali pake. Darasani huwa napita hapo haraka. Nyumbani ndipo nilipoona uzito wake, kwa sababu msikilizaji wa pili wa kisanduku hiki ni mjomba, naye ni Mwislamu. Imani, dhambi, toba, rehema, sala, nabii: akisikia hayo hahitaji mkalimani.

Mjomba ni kaka mkubwa wa mama. Alikwenda Tanga akiwa kijana kukata mkonge, akarudi amesilimu, na kwetu Usangi hilo halishangazi mtu. Nyumba nyingi zina pande zote mbili. Krismasi mbuzi anachinja yeye ili wote tule. Tangu mama apoteze macho hajakosa siku hata moja kupita kwake.

Na yeye ndiye anayechaji Biblia. Nieleze kwanza habari ya chaji, maana ndiyo watu huniuliza. Jua la siku nzima linatosha jioni tatu. Wakati wa masika, ukungu wetu ukikaa siku nne mlimani, sola haisaidii, inabidi kutumia waya wa simu ya kitochi, ambao unaingia vizuri kwenye tundu la pembeni. Shida ni kwamba paneli inataka kugeuzwa, na mama hawezi kujua jua limehamia wapi. Basi mjomba akitoka kuswali alfajiri hupitia kwa mama, hukitoa kisanduku, hukipandisha juu ya bati la jiko, na mchana hurudi kukigeuza. Mtengenezaji angeweka waya mrefu kidogo kati ya paneli na kisanduku angewasaidia wengi wasio na kaka wa namna hiyo.

Kasoro niliyoilalamikia tangu mwanzo ni kwamba huwezi kwenda kwenye mstari unaoutaka. Kitufe cha nyuma kinakurudisha mwanzo wa sura. Ukipitwa na mstari wa 30, utaanza tena na wa 1. Tena wasomaji hawatamki namba za mistari, sura tu. Kwa mwalimu kama mimi, niliyezoea kufungua mahali, kusoma sentensi moja na kufunga, ilinikera. Niliandika hata barua ya lalamiko kwa duka, sikuituma. Kisha ikaja jioni moja ya wiki ya Pasaka.

Tulikuwa watatu kibarazani, makande yakiwa motoni. Mama alikuwa ameanza na Mathayo wakati wa Krismasi na sasa amefika Yohana, sura ya 14. Mjomba alikuwa amekaa kwenye kigoda, mgongo ukutani, kofia magotini. Ikasomwa: "Mimi ndimi njia, na kweli, na uzima; mtu haji kwa Baba, ila kwa njia ya mimi."

Niliona uso unapata moto. Mstari huo naujua tangu utotoni na ninauamini, lakini mahali nilipousikia mara nyingi ni pabaya. Nimeusikia kwenye mihadhara ya viwanjani, ile iliyovuma miaka ya 1980 na 1990, Wakristo na Waislamu wakitupiana maandiko kwa vipaza sauti huku vijana wakishangilia kama mpira. Nikanyosha mkono nikizime kisanduku. Mjomba akasema, "Acha, mwanangu. Rudisha, mwanzo sikuusikia."

Nikabonyeza nyuma. Kikarudi mwanzo kabisa: "Msifadhaike mioyoni mwenu, mnamwamini Mungu, niaminini na mimi." Zikaja habari za nyumba ya Baba yenye makao mengi. Akaja Tomaso: "Bwana, sisi hatujui uendako, nasi twaijuaje njia?" Halafu lile jibu. Ilipomalizika sura, mama akataka irudiwe, na mjomba akatikisa kichwa kukubali. Tuliisikiliza mara tatu, ugali wa jirani ukisongwa, ng'ombe wakiingizwa zizini.

Miaka 22 nimefundisha mstari wa 6 ukiwa peke yake, kwa sababu hivyo ndivyo unavyoulizwa kwenye mtihani. Kisanduku hakikuniruhusu. Kililazimisha nisikie kwamba ni usiku, chakula kimekwisha, mmoja wao ametoka kwenda kuuza mwenziwe, na Petro ameambiwa muda huo huo kwamba jogoo hatawika kabla hajakana mara tatu. Waliobaki wanaogopa. Tomaso hakuuliza swali la mdahalo, aliuliza swali la mtu anayeachwa njiani. Na aliyeulizwa hakumpa ramani wala orodha ya masharti, alimpa nafsi yake. Neno "njia" pale ni mtu. Nilikuwa nimelifanya uzio miaka yote hiyo bila kujua, na nilipolisikia kwa sauti ile ya chini, mara tatu, nilitaka kulia.

Mjomba alikaa kimya, kisha akasema, "Na sisi tunaomba njia. Katika Alhamdu. Rakaa 17 za faradhi kwa siku, na kila rakaa, utuongoze njia iliyonyooka. Sijawahi kuomba njia mbili."

Mama akamwambia, "Basi kaka, tumekubaliana ni moja."

"Ni moja. Ipi, hapo hatujakubaliana."

"Hatujakubaliana," mama akasema, akaomba nimpakulie kaka yake makande kwanza.

Nilikuwa nimesoma mengi juu ya jambo hili na sijapata kusikia mazungumzo ya kweli kama yale. Watu wengi wa rika langu, wakitaka amani, husema njia zote zinafika kilele kimoja, kama mlima. Nawaelewa, na siwezi kusema hivyo. Mjomba asingeipokea sentensi hiyo kama heshima, kwa sababu hakuiacha dini ya ujana wake Tanga ili apate moja kati ya nyingi. Nami nikiisema, sijui msalaba ulikuwa wa nini. Ninaamini hakuna aendaye kwa Baba ila kwa Kristo. Ninaamini hivyo nikiwa nimekaa ubavuni mwa mzee anayeanika Biblia ya mama yangu juani kila asubuhi, na sioni kwa nini nimfiche au nimkaripie.

Sasa yale mahubiri. Nawashauri muulize dukani kama kuna kadi isiyo nayo. Ni 30, ya mhubiri mmoja, na moja linahusu mstari huu huu. Nililisikiliza lote kabla ya kulihukumu. Anapiga kelele tangu dakika ya kwanza. Anawacheka Waislamu wanavyoinama. Anasema babu zetu wote wamo motoni, anasema kwa uhakika, kama mtu aliyetoka kuwahesabu. Hakuna jambo katika mafundisho yake ya msingi ninaloweza kusema ni uongo, kwamba wokovu ni kwa Kristo peke yake, na bado nilipomaliza nilijisikia nimechafuka. Mama aliniambia, "Mwondoe huyo kwenye sanduku langu." Fundi simu wa Mwanga mjini alitoa kadi, akaiweka kwenye kompyuta, akafuta, shilingi 3,000. Mwambieni fundi anakili kadi kwanza kabla ya kufuta, wa kwangu alitaka kufuta na Zaburi.

Yohana ikaisha, kisanduku kikaingia Matendo chenyewe, maana kinaendelea bila kuombwa. Sura ya 4 ina maneno makali kuliko yale ya Yohana: "Wala hakuna wokovu katika mwingine awaye yote." Hapo napo kusikia mfululizo kulinisaidia. Petro anayasema akiwa mahabusu, amelala ndani usiku mzima kwa kosa la kumponya kiwete, amesimamishwa mbele ya wakubwa waliomsulubisha Bwana wake. Hana polisi, hana shule, hana hospitali, hana kiwanja cha kanisa. Aliyesema jina ni moja alikuwa ndiye mwenye kamba mikononi. Sisi tumeyasema maneno hayo hayo tukiwa na funguo za milango, na ndipo yalipoharibika kinywani.

Hili la funguo kwa mama si habari ya vitabuni. Alifika sura ya 8, towashi wa Kushi yuko garini na Filipo, wanafika penye maji, naye anauliza: "Tazama, maji haya, ni nini kinachonizuia nisibatizwe?" Mama alizima. Ndiyo mara ya kwanza kuzima katikati ya sura. Alinipigia simu usiku, si kawaida yake, akaniuliza, "Babu alizuiwa na nini?"

Babu yake mzaa baba alikuwa na wake wawili. Alipoomba ubatizo aliambiwa amwache wa pili kwanza. Akauliza ampeleke wapi mama wa watoto wake. Hakupata jibu, akarudi nyumbani. Lakini kila Jumapili alikuja, akakaa nje chini ya dirisha la kanisa kwenye jiwe, akasikiliza mpaka mwisho, na mama akiwa mtoto mdogo alikaa naye pale pale. Alikufa hajabatizwa. Alikuwa bado anamwita Mungu Kyumbi, jina la Kichasu la Muumbaji, na kwa jina hilo alisali sala alizozisikia dirishani. Hadithi hii nimeisikia kwa vipande maisha yangu yote. Sikuwahi kujua kwamba mama alikuwa ameibeba kama swali.

Sikuwa na jibu la haraka. Nilimwambia niliyo nayo. Nilimweleza habari za Sipriani, askofu wa Karthago aliyeuawa mwaka 258, ambaye kwake imetoka kauli ya kwamba nje ya Kanisa hakuna wokovu, na kwamba aliisema kwenye ugomvi wa ubatizo wa waliojitenga, hakuwa akimhesabia hukumu mzee wa mlimani aliyekaa dirishani. Nikamwambia Wakatoliki, katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano mwaka 1964, waliandika kwamba asiyeijua Injili bila kosa lake, akamtafuta Mungu kwa moyo mnyofu, aweza kupata wokovu, na hata huo ni kwa neema ile ile ya Kristo. Sisi ni Walutheri, hatuamriwi kutoka huko, lakini mama alisema, "Endelea." Nikamweleza juu ya John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, padri wa Kianglikana aliyefariki 2019, aliyezunguka akikusanya majina ya Mungu ya makabila ya Afrika, akasema wamisionari hawakumleta Mungu huku, bali Mungu ndiye aliyewaleta wao, na kwamba walichokuja nacho, ambacho hatukuwa nacho, ni Yesu Kristo.

"Babu alimsikia Yesu," mama akasema. "Kila Jumapili. Kosa lake kukaa nje ni la nani?" Kisha akasema, "Njia sikatai. Lile geti lilijengwa na watu."

Sikuongeza kitu, na hata leo sina la kuongeza. Alipowasha tena, siku mbili baadaye, alisikiliza bila kusimama hadi sura ya 17, Paulo akiwa Athene, mahali anaposema Mungu aliwaweka watu wamtafute "ingawa ni kwa kupapasa-papasa", naye "hawi mbali na kila mmoja wetu." Mama anaishi kwa kupapasa. Kitanda, mlango, kikombe, vitufe saba. Mjomba ananiambia alicheka kwa furaha mpaka akashika kifua, na akataka sura hiyo isomwe tena jioni iliyofuata, watu wa nyumba ya jirani wakiwepo.

Yaliyobaki ni ya kibiashara. Kisanduku cha kwanza kilikuwa na kadi iliyolegea, kinakatika kikitikiswa. Duka lilinizungusha wiki mbili, "njoo kesho, mhusika hayupo", kisha wakanibadilishia. Wana dhamana ya miezi sita iliyoandikwa kwenye risiti, msiitupe risiti. Betri ya ndani bado nzima baada ya miezi saba. Plastiki imeanguka sakafuni mara mbili, haijapasuka. Hakuna tundu la hedifoni, kwa hiyo hospitalini au kwenye basi hakifai. Hakikumbuki mahali ulipoishia kama chaji imekwisha kabisa; kinaanza Mwanzo 1, na mama sasa anaweza kuisema Mwanzo 1 yote bila kukosea. Kwa anayesikia vizuri na haoni, ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyopata kumnunulia mtu. Kwa anayetaka kuandaa somo au hubiri hakifai, atumie simu.

Mama sasa yuko Warumi. Huwa anarudi Yohana 14 siku za Alhamisi, mjomba akiwepo, maana anampenda Tomaso. Anasema yule ni mtu anayeuliza. Kitufe cha nyuma kimeanza kulegea kwa sababu hiyo, ile nukta yake imelika karibu yote. Nimeuliza dukani kama vitufe vinauzwa peke yake, wakasema hapana, mpaka ununue kisanduku kizima. Nitanunua.